Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kutu, Rangi na Utunzaji wa Gari katika Misimu ya Pwani

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu watu: jirani msaliti, ndugu mnafiki au rafiki mwenye husuda. Hata hivyo, mtu akipita katika barabara za Mombasa, Kilifi au Malindi na kuyatazama magari kwa makini, ataona kwamba methali hiyo ina maana nyingine iliyo wazi kabisa. Juu gari linang'aa. Limepigwa polishi hata mwenye kulitazama anajiona kama kwenye kioo. Chini, ndani ya madigadi, kwenye kingo za milango na katika maungio ya chasisi, kutu inakula polepole. Vazi ni zima, mwili unaliwa.

Lugha yenyewe imelitambua jambo hili tangu zamani. Mswahili hasemi tu kwamba chuma kimepata kutu. Husema kimeliwa na kutu. Kitenzi hiki si pambo la usemi. Kutu haikai juu ya chuma kama vumbi likaavyo juu ya meza. Hukigeuza chuma chenyewe kuwa kitu kingine, nacho chuma kilicholiwa hakirudi.

Hasara ya kutu si ya urembo pekee. Dereva wa tuktuk aliyekopa fedha chamani ili anunue chombo chake, kutu ikila sakafu kabla ya mkopo kulipwa, hubaki na deni bila mtaji. Mchuuzi wa samaki anayebeba shehena kwa pikapu kutoka Shimoni au Malindi humsafirisha adui yake mwenyewe, kwani maji ya barafu yanayodondoka nyuma ya gari huwa yamejaa chumvi. Lililo baya zaidi ni kwamba vyuma vinavyoliwa si vya mapambo. Mabomba membamba yapitishayo mafuta ya breki, vishikizo vya mikanda ya usalama na maungio ya springi, vyote vimefichika mahali ambapo macho hayafiki. Bomba la breki lililooza halitoi ilani. Hupasuka pale dereva anapokanyaga breki kwa nguvu zake zote, nayo huwa ndiyo saa anayoihitaji mno.

Makala haya yananuia kueleza mambo matatu: namna rangi inavyolilinda gari, namna hewa ya pwani inavyoushambulia ulinzi huo, na hatua ambazo mwenye gari wa kawaida anaweza kuchukua kwa kufuata misimu ya mwaka. Hoja ya msingi ni kwamba pwani ya Kenya haina msimu ambao kutu hulala. Kwa hivyo, utunzaji unaofuata kalenda ya pepo na mvua ni bora kuliko unaongoja gari lionyeshe ugonjwa.

Rangi ni Vazi la Tabaka Nyingi

Wengi hudhani kwamba rangi ya gari ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba gari litokapo kiwandani huwa limevikwa nguo kadhaa. Kwanza, bati la chuma huoshwa kwa dawa zenye fosfati ili rangi ipate mahali pa kushika. Katika magari mengi ya kisasa bati hilo huwa limekwisha kupakwa zinki, madini ambayo hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Kisha bodi nzima hutoswa katika birika la rangi na kupitishiwa umeme, rangi ikavutwa hadi kwenye pembe ambazo brashi haiwezi kuingia. Juu ya tabaka hiyo hupigwa praima, ambayo kazi yake ni kusawazisha uso. Juu ya praima huja rangi yenyewe, nyekundu au buluu au nyeupe, ile ambayo mnunuzi huichagua. Hatimaye, juu ya yote, hupigwa tabaka angavu isiyo na rangi, mfano wa vanishi. Hii ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayopambana na jua.

Tabaka hizi zote zikijumlishwa, unene wake kwa kawaida huwa baina ya milimita 0.1 na 0.15, yaani kama karatasi moja ya daftari au zaidi kidogo. Tabaka angavu peke yake haifiki hata nusu ya kipimo hicho. Mtu akilijua hili ataelewa kwa nini kila mara gari linaposuguliwa kwa polishi yenye chembe za msasa, sehemu ya ngao yake huondolewa. Gari linalosuguliwa hivyo kila mwezi ili ling'ae huvuliwa nguo na mwenyewe.

Adui wa kwanza wa vazi hili ni jua. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huvunjavunja utomvu unaoshikanisha tabaka angavu. Ndiyo sababu paa na boneti, sehemu zilizoelekea juu, huanza kupauka na kubambuka wakati milango ya gari lilo hilo bado ni mizima. Tabaka angavu ikiisha, rangi iliyo chini yake haina wa kuitetea.

Kutu Huzaliwa Vipi?

Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, oksijeni na maji. Oksijeni imo hewani siku zote. Chuma kimefichwa chini ya rangi, lakini jiwe moja lililorushwa na gurudumu la gari lililotangulia latosha kukifichua. Kilichobaki ni maji, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wao hudhani kwamba maji ni mvua, na kwamba mvua ikikatika, hatari imekwisha.

Pwani mambo hayako hivyo, na sababu yake ni chumvi. Mawimbi yapasukapo ufuoni hurusha matone madogo mno ambayo upepo huyachukua hadi nchi kavu. Maji yakikauka, chumvi hubaki hewani na kutua juu ya kila kitu: mabati ya nyumba, vyuma vya madirisha na magari. Kiasi cha chumvi hiyo hupungua haraka kadiri mtu anavyoiacha bahari na kuelekea bara. Aishiye karibu na ufuo hupata fungu kubwa zaidi.

Chumvi ina tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe pindi unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi, yaani hewa inapobeba robo tatu ya mvuke ambao ingeweza kubeba katika joto hilo. Kila mpishi wa pwani ameliona jambo hili kwenye kikopo chake cha chumvi. Nyakati za usiku hewa ya Mombasa huvuka kiwango hicho mara nyingi, hata katika miezi ya kiangazi. Isitoshe, chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesiamu ndani yake, na hiyo hunyonya maji hata hewa inapokuwa na unyevu wa takriban asilimia 33 tu. Maana yake ni kwamba gari lenye utando wa chumvi halikauki barabara. Mwenyewe analala akiamini kuwa nje ni kukavu, kumbe chini ya gari chuma kinaoga maji ya chumvi usiku kucha.

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kuzaliwa kwa kutu ni tendo la kiumeme: elektroni hutoka sehemu moja ya chuma na kwenda nyingine, chuma kikamomonyoka. Kwa hivyo, chumvi huiongezea kutu kasi. Fauka ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na kwa sababu hiyo huinua rangi iliyo juu yake. Malengelenge yanayoonekana kwenye kingo za milango si mwanzo wa ugonjwa. Ni dalili kwamba ugonjwa umekwisha kuenea chini ya ngozi.

Funzo la Jahazi

Kabla ya kueleza kalenda ya utunzaji, inafaa kukumbuka kwamba wakazi wa upwa huu hawakuanza jana kupambana na chumvi. Neno chombo katika Kiswahili hubeba jahazi na gari kwa pamoja. Vyote viwili ni vyombo vya usafiri. Lakini waliotunza vyombo vya baharini walikuwa na nidhamu ambayo wenye vyombo vya nchi kavu wengi wameiacha.

Jahazi lilipandishwa pwani wakati wa maji ya bamvua, bahari ikalipungukia na kuliacha limekaa mchangani. Hapo lilikwanguliwa, na kuta zake zikapitishiwa mienge ya makuti ili kuua wadudu watoboao mbao. Nyufa zilitiwa kalafati. Sehemu iliyozama majini ilipakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya papa. Ni jambo la kuchekesha na la kufunza kwamba neno sifa lina maana mbili. Chombo kilichokuwa na sifa ya mafuta kilidumu. Chenye sifa ya maneno tu kilizama.

La kuzingatia hapa ni mambo mawili. Kwanza, mafundi hao walianzia chini, mahali pasipoonekana, ndipo wakapanda juu. Pili, hawakungoja chombo kivuje. Walifuata pepo na maji ya bahari, kila kazi ikawa na wakati wake. Mwenye gari akiyashika haya mawili, atakuwa amepata nusu ya elimu anayoihitaji.

Kalenda ya Pepo na Mvua

Kaskazi, Desemba hadi Machi. Huu ni msimu wa joto, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kupita yote. Jua ni kali na hakuna mvua ya kuosha chumvi. Gari lioshwe kwa maji matamu angalau mara moja kwa juma, asubuhi na mapema au jioni, kwa kuwa maji yakikaukia juu ya bati la moto huacha madoa ya chokaa. Gari liegeshwe kivulini, ikiwezekana chini ya banda la makuti, lakini mwenyewe achague kivuli chake kwa busara. Mwembe hudondosha utomvu unaounguza rangi, mnazi hudondosha nazi, na mti wowote waliko kunguru ni hatari. Kinyesi cha ndege kina asidi, na joto likililegeza tabaka angavu, asidi hiyo huchimba alama isiyofutika. Kiondolewe siku hiyo hiyo kwa kulowekwa kwa kitambaa chenye maji, wala kisikwanguliwe kikiwa kikavu. Msimu huu pia ndio ufaao kwa kazi za bodi na rangi, kwa sababu zitakazoelezwa baadaye.

Masika, mwishoni mwa Machi hadi Juni. Mei kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Mvua ni rehema na ni balaa. Huosha chumvi ya juu, lakini huleta tope linaloganda ndani ya madigadi na kukaa na unyevu kwa siku nyingi. Kabla ya masika, mwenye gari azibue matundu madogo yaliyo chini ya milango, ambayo viwanda huyaacha ili maji yanayoingia kupitia kioo yapate njia ya kutokea. Yakizibwa na vumbi, mlango hugeuka kuwa mtungi. Mipira ya milango na ya kioo cha mbele ichunguzwe kama imepasuka. Wakati wa mvua, tope litolewe kwa maji kila baada ya safari mbaya, na mazulia ya sakafuni yainuliwe ili kuona kama pamelowa. Mara nyingine maji hayo si ya mvua hata kidogo, bali ni ya kiyoyozi ambacho mrija wake wa kutolea maji umeziba. Zulia lililolowa huleta ukungu na harufu, na sakafu huanza kuliwa kutoka ndani.

Kusi na kipupwe, Juni hadi Septemba. Hewa hupoa na watu hufurahi, lakini kwa gari huu ni msimu wa hadhari. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, yaani kutoka baharini, na huja na rasharasha za chumvi. Wanaoishi au kufanya kazi kando ya ufuo, na wanaovuka kivuko cha Likoni kila siku, waoshe upande wa chini wa gari kila baada ya siku chache. Ni afadhali kuosha chini na kuacha juu kuliko kinyume chake. Msimu huu pia ni wa kutafuta michubuko iliyosababishwa na mawe wakati wa masika na kuiziba ingali midogo.

Demani na vuli, Septemba hadi mapema Desemba. Kusi hudhoofu, pepo hubadilika, na mvua ndogo hufuata kuanzia Oktoba. Mabadiliko haya, ambayo wanamaji huyaita maleleji, yangefaa yawe siku za ukaguzi. Gari linyanyuliwe gereji na kutazamwa chini kwa tochi: mabomba ya breki, maungio ya chasisi, ekzosi na sehemu ya nyuma ya madigadi. Kutu ya juujuu isuguliwe na kupakwa dawa. Iliyotoboa ipelekwe kwa fundi wa kuchomelea. Ukaguzi uo huo urudiwe Machi, kabla ya masika. Siku mbili kwa mwaka si nyingi.

Maji Gani, Sabuni Gani?

Ushauri wa kuosha gari mara kwa mara una mtego ndani yake. Maji ya mfereji ni haba katika mitaa mingi ya Mombasa, na gari nyingi huoshwa kwa maji ya kisima. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari aghalabu huwa na chumvi. Mtu anayeliosha gari lake kwa maji hayo kila siku, akaliacha likaukie juani, huwa analitia chumvi kila siku kwa bidii na kwa gharama yake. Kuyatambua maji hayo si vigumu: ulimi hutoa ushahidi, na sabuni hukataa kutoa povu jingi.

Suluhisho si kuacha kuosha. Maji ya kisima yanaweza kutumiwa kuondoa tope, mradi suuzo la mwisho liwe la maji matamu. Mitungi miwili ya lita 20 inayonunuliwa kwa mwenye mkokoteni yatosha kusuuza gari dogo juu na chini kwa kutumia kopo. Aidha, masika hutoa maji yasiyo na chumvi bila malipo. Mwenye pipa chini ya mfereji wa paa lake ana hazina.

Kuhusu sabuni, ya unga inayofulia nguo haifai. Ina ukali unaoondoa nta yote iliyopakwa na kukausha mipira. Sabuni laini ya maji au iliyotengenezewa magari ni bora. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sifongo, ili mchanga usirudishwe kwenye rangi. Kazi ianzie paani na kuteremka chini, na gari likaushwe kwa kitambaa laini. Kifuniko cha plastiki au turubai zito kisitiwe juu ya gari lenye unyevu. Kifuniko cha namna hiyo hufungia mvuke ndani, na gari hubaki likipikwa kama chakula chunguni.

Nta, Polishi na Vikingio vya Kisasa

Maneno nta na polishi huchanganywa mno, ilhali kazi zake ni tofauti. Polishi husugua na kupunguza. Nta huongeza na kufunika. Polishi yenye msasa itumiwe kwa nadra, pale tu rangi inapokuwa imepauka au imekwaruzika. Nta yaweza kupakwa mara kadhaa kwa mwaka bila madhara.

Nta maarufu ya magari hutokana na majani ya mnazi-mwitu wa Brazili uitwao karnauba. Huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80 za selsiasi, kiwango ambacho paa la gari jeusi lililoachwa juani huweza kukikaribia. Ndiyo maana katika nchi za joto nta hii huisha upesi, baada ya majuma machache tu au miezi miwili. Vikingio vya viwandani hukaa kwa miezi kadhaa, na vile vya seramiki hudumu zaidi, ingawa bei yake ni ya juu na huhitaji uso uliosafishwa kikamilifu kabla ya kupakwa. Kwa mwenye gari wa kawaida, nta mara nne kwa mwaka, mwanzoni mwa kila msimu uliotajwa, ni mpango unaowezekana.

Hata hivyo, ni sharti isemwe wazi kwamba hakuna kikingio cha juu kinachozuia kutu ya chini. Seramiki juu ya boneti haijui lolote kuhusu chasisi. Chini ya gari panahitaji deheni yake: nta nzito au grisi iliyotengenezewa kazi hiyo, inayopenya katika maungio. Baadhi ya watu hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo husaidia kwa muda, lakini huharibu mipira ya springi, hudondoka na kuchafua udongo na maji. Wengine hupaka lami nene juu ya chuma ambacho hakikusafishwa. Lami ikipasuka, maji huingia nyuma yake na kubaki humo, na kutu huendelea na karamu yake faraghani.

Mkwaruzo na Fundi wa Rangi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma uzibwe mapema: kutu isuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, mahali hapo paoshwe kwa maji matamu na kukaushwa, kisha praima, rangi na vanishi zipakwe kwa zamu. Fila isitumiwe kufunika kutu hai, kwani hunyonya unyevu na kuufikisha pale pale kwenye kidonda.

Kazi ikiwa kubwa na kumhitaji fundi wa jua kali, kuna mambo mawili ambayo mteja anaweza kuyaomba bila kumvunjia fundi heshima. La kwanza ni usafi wa chuma kabla ya rangi. Rangi huruhusu mvuke kidogo kupenya. Iwapo chumvi imefungiwa chini yake, huuvuta mvuke huo na kuleta malengelenge. Hata jasho la kiganja lina chumvi ya kutosha kuacha alama ya vidole itakayochipua kutu baadaye. Basi chuma kilichosuguliwa kisuuzwe kwa maji matamu, kikaushwe, na kisiguswe kwa mikono mitupu.

La pili ni wakati. Thina inapokauka haraka hupoza uso wa bati. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke hugeuka umande juu ya rangi mbichi, na rangi hufanya weupe kama iliyomwagiwa maziwa. Kanuni inayotumiwa na wapaka rangi za vyuma ni kutopiga rangi unyevu unapozidi asilimia 85, na kuhakikisha kuwa bati lina joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Fundi asiye na vipimo hivyo aweza kuongozwa na saa na msimu: apige rangi wakati wa kaskazi, asubuhi umande ukishakauka, wala si jioni wala baina ya manyunyu mawili ya masika.

Kabla ya Kununua

Mwisho, ipo kutu ambayo mtu huinunua. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, na mengi hutoka Japani. Sehemu za kaskazini za nchi hiyo, kama vile Hokkaido, hupata theluji nyingi, na barabara zake humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Gari lililokaa huko laweza kufika bandari ya Mombasa likiwa na rangi ya kupendeza na tumbo lililoliwa. Mnunuzi asitosheke na kulizunguka gari. Ainame na kutazama chini, ainue zulia la buti na kuondoa tairi la akiba, kwani hapo ndipo maji hupenda kukaa. Rangi mpya nyeusi iliyopigwa chini ya gari kuukuu iulizwe maswali.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba rangi ya gari ni vazi jembamba lenye kazi nzito, kwamba chumvi ya pwani huugeuza kila usiku kuwa usiku wa mvua, na kwamba mwaka wa pepo na mvua unampa mwenye gari ratiba iliyo tayari. Gharama ya ratiba hiyo ni ndogo: maji matamu, sabuni laini, nta, tochi na siku mbili za kuinama. Gharama ya kuipuuza hulipwa na dereva aliyekopa, na pengine abiria waliomwamini.

Imedhihirika pia kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kulijadili jambo hili. Deheni, kalafati, kusi, maleleji na kuliwa na kutu ni msamiati wa watu walioielewa chumvi kabla ya gari la kwanza kuteremshwa katika pwani hii. Wao walianzia chini. Anayeng'arisha boneti bila kuinama atazame chini ya nguo. Kikulacho kimo humo.